Danadana za Mshahara: Mchezaji Anapodai Jasho Lake



Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alinijia ofisini na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Alikuwa beki wa kati wa klabu moja ambayo sitaitaja. Alilifungua mbele yangu kwa uangalifu, kama mtu anayefungua cheti. Kwa kalamu ya bluu alikuwa ameandika: Septemba, sijapata. Oktoba, laki moja na nusu kwa mkono, baada ya mechi. Novemba, tumeambiwa Ijumaa. Chini ya hiyo Ijumaa kulikuwa na Ijumaa nyingine, na nyingine tena, kila moja na tarehe yake, kila moja imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka. Nikamuuliza mkataba uko wapi. Akajibu, "Shikamoo wakili, mkataba uko kwa katibu. Nilisaini nakala moja, ikaingia kabatini." Alisahau kwamba shikamoo alikwisha kunipa mlangoni. Alikuwa na aibu, na aibu ile ndiyo iliyonikera kuliko deni lenyewe, kwa sababu mwenye kudaiwa hakuwa yeye.

Wachezaji wana neno lao kwa hali hiyo: kupigwa danadana. Mpira unachezewa juu ya mguu, hauendi mbele, haurudi nyuma, wala haugusi ardhi. Anayepiga danadana hachoki upesi. Mpira ndio unaozunguka.

Leo nataka tulitazame dai la mshahara wa mchezaji kama sheria inavyolitazama. Nitaanzia mbali, Manchester, kwa mtu aliyekuwa akilipwa kwa mwezi mmoja fedha ambazo kijana wangu asingezipata maisha yake yote. Msinielewe vibaya. Swali lililoulizwa mahakamani kwa ajili ya tajiri yule ndilo lile lile linalomhusu mwenye daftari.

Benjamin Mendy, beki wa kushoto wa Ufaransa na bingwa wa dunia wa 2018, alijiunga na Manchester City mwaka 2017 kwa mkataba uliokuwa umalizike Juni 2023. Agosti 2021 alishtakiwa kwa makosa mazito ya ubakaji na shambulio la kingono. Klabu ikamsimamisha, na kuanzia Septemba mwaka huo ikaacha kumlipa mshahara. Kesi ya jinai ilichukua muda mrefu. Januari 2023 alionekana hana hatia katika mashtaka mengi, na Julai 2023, baada ya kusikilizwa upya kwa mashtaka mawili yaliyobaki, akaachiwa huru kabisa. Wakati huo mkataba wake ulikuwa umeshakwisha. Hakuna klabu ya kurudia, na mishahara ya miezi 22 haijalipwa. Aliieleza mahakama kwamba aliishiwa fedha, na kwamba wachezaji wenzake Bernardo Silva, Riyad Mahrez na Raheem Sterling walimkopesha ili alipe mawakili na kutunza watoto.

Akafungua dai katika mahakama ya ajira. Hakwenda kwa chama cha soka, wala hakwenda kuomba huruma kwa vyombo vya habari. Alikwenda pale anapokwenda mpishi wa hoteli au dereva wa basi aliyekatwa mshahara, akitumia Sheria ya Haki za Ajira ya Uingereza ya mwaka 1996, inayomkataza mwajiri kukata ujira wa mfanyakazi bila sheria au mkataba kumruhusu. Dai lilikuwa la zaidi ya pauni milioni 11.

Hoja ya klabu ilikuwa rahisi kueleweka, na mtu wa kawaida barabarani angeikubali: hakucheza, hakufanya mazoezi, kwa nini alipwe? Jaji Joanne Dunlop alitoa uamuzi wake Novemba 2024, na nawaomba msikilize jinsi alivyoipasua hoja hiyo vipande viwili. Kwa muda Mendy alipokuwa mahabusu, takriban miezi mitano katika vipindi viwili, klabu ilikuwa na haki ya kutomlipa. Lakini kwa muda aliokuwa nje alikuwa tayari kufanya kazi na alitaka kufanya kazi. Kilichomzuia ni adhabu ya kusimamishwa na chama cha soka pamoja na masharti ya dhamana, mambo ambayo hakuyachagua yeye. Na jaji alipoupekua mkataba, hakukuta kifungu kinachoipa klabu ruhusa ya kuzuia mshahara katika hali kama hiyo. Basi sehemu kubwa ya fedha ile ilikuwa yake.

Shikeni neno hilo, tayari. Mshahara haupimwi kwa dakika za uwanjani. Mchezaji anayeketi benchi msimu mzima analipwa. Aliyevunjika mguu analipwa. Aliyewekwa kando na kocha mpya asiyempenda analipwa. Anachouza mchezaji ni utayari wake: mwili wake na muda wake vimekabidhiwa klabu, na klabu ikiamua kutovitumia, hasara ni ya klabu. Nimewasikia viongozi wa timu zetu wakisema mbele ya wachezaji, "Huyu hachezi, anakula bure." Kauli hiyo ni ya kuudhi, na kisheria haina miguu.

Sasa geuzeni upande wa pili wa sarafu. Kabla ya Mendy, zaidi ya nusu karne, kulikuwa na mchezaji mwingine, Mwingereza George Eastham wa Newcastle United. Zama zile mchezaji wa Uingereza alikuwa kama mali iliyowekwa rehani. Mkataba wake ukiisha, klabu iliweza kubaki na usajili wake na kumzuia asiende kokote, hata bila kumlipa. Na hata aliyelipwa hakuruhusiwa kupata zaidi ya pauni 20 kwa wiki, mpaka dari hilo lilipovunjwa mwaka 1961 kwa shinikizo la chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill. Eastham aliomba kuondoka, akakataliwa, akakataa kucheza. Akaenda kusini kufanya kazi ya kuuza gome la koki, mchezaji wa daraja la juu huyo, huku klabu ikiushikilia usajili wake. Hatimaye akauzwa Arsenal mwaka 1960. Angeweza kunyamaza baada ya kupata alichotaka. Hakunyamaza. Kwa msaada wa chama chake aliendelea na kesi, na mwaka 1963 Jaji Wilberforce akatamka kwamba mfumo ule wa kumzuia mchezaji ulikuwa kizuizi kisichokubalika dhidi ya mtu kutafuta riziki yake. Kila mchezaji anayeondoka leo mkataba wake unapomalizika ana deni la shukrani kwa mtu huyo.

Lakini ndani ya kesi ile ile kulikuwa na dai dogo ambalo wasimuliaji wengi hulipita. Eastham alidai pia pauni 400 za mishahara na pauni 650 za bonasi. Hapo akashindwa. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekataa kuichezea Newcastle, jaji aliona malipo hayo yalibaki kwa hiari ya klabu.

Wekeni kesi hizo mbili mezani sambamba. Mmoja alikuwa tayari akazuiwa, akalipwa. Mwingine alikuwa na sababu nzuri mno, sababu iliyobadili historia ya mchezo, lakini alikuwa amekataa kucheza, na mshahara ukampita. Kila ninapokaa na wachezaji wa ligi yetu waliokasirika, jambo la kwanza ninalowaambia ni hili: hasira yenu ni halali, lakini kesho nendeni mazoezini. Sizungumzii mgomo unaofuata utaratibu wa sheria, huo una njia yake. Nazungumzia ile tabia ya kuzima simu na kurudi nyumbani kwa mama. Ukifanya hivyo, umempa mdaiwa wako zawadi. Nenda. Kama geti limefungwa, piga picha ya geti. Tuma ujumbe kwa meneja wa timu: nimefika saa moja asubuhi, nimekuta pamefungwa, nipo tayari kwa kazi. Ujumbe wa mstari mmoja kama huo unaweza kuwa ushahidi wenye nguvu kuliko hotuba yangu nzima mbele ya msuluhishi.

Kesi ya tatu ninaileta kwa sababu ya maneno ya mdomo, ugonjwa mkubwa wa soka letu. Kylian Mbappé aliondoka Paris Saint-Germain katikati ya 2024 kwenda Real Madrid akisema anaidai klabu yuro milioni 55: mishahara ya miezi mitatu ya mwisho na bonasi zilizoandikwa katika mkataba. Klabu ikajibu kwamba Agosti 2023, alipokuwa amewekwa kando kwa kukataa kuongeza mkataba kisha akarudishwa kikosini, alikubali kwa mdomo kuachia sehemu ya fedha ili kuondoka kwake bila ada kusiiumize klabu. Kamati ya sheria ya ligi ya Ufaransa ikampa haki Mbappé. Shauri likaendelea hadi baraza la kazi la Paris, chombo ambamo wawakilishi wa wafanyakazi na wa waajiri hukaa kwa idadi sawa. Madai yalikuwa yamevimba kwa pande zote mbili, kila mmoja akimdai mwenzake mamia ya mamilioni. Desemba 2025 baraza likayaweka kando mengi ya hayo na kuiamuru klabu ilipe takriban yuro milioni 60.

Klabu yenye mawakili wengi kuliko mabeki ilitegemea makubaliano ambayo haikuweza kuyaonyesha kwa karatasi iliyosainiwa, na ikashindwa. Sasa mfikirieni kijana wa Mbeya au Mombasa ambaye maneno yote aliyopewa ni ya mdomo: nyumba utapewa, dau la usajili litamaliziwa mwezi wa pili, ukifunga mabao kumi kuna kitu chako. Atayaonyesha wapi? Kwake karatasi ni ngao, na ndiyo maana karatasi ile hufungiwa kabatini.

Mtasema, wakili, hao wote ni wa Ulaya. Basi turudi kwetu, na hapa niruhusuni nikae kidogo, kwa maana ndipo roho yangu inapouma.

Soka la dunia lina mlango wake wa madai, na ni mlango mzuri. Kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zina kifungu cha 14bis, kilichoingizwa 2018. Klabu isipolipa angalau mishahara ya miezi miwili kwa tarehe zake bila sababu halali, mchezaji anaiandikia na kuipa siku zisizopungua 15. Zikipita bila malipo, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba, na klabu ndiyo inayobeba fidia. Kifungu cha 12bis kinahusu madeni yaliyopita siku 30: barua, siku 10, kisha adhabu zinaanza kuhesabiwa. Mchezaji halipi ada ya kufungua shauri lake. Na uamuzi ukitoka, klabu isipolipa ndani ya siku 45 tangu kupewa maelezo ya akaunti, inafungiwa kusajili wachezaji wapya, hata kwa madirisha matatu mfululizo.

Adhabu hiyo ya mwisho ndiyo yenye meno. Gor Mahia na AFC Leopards za Nairobi zimewahi kuionja. Yanga ya Dar es Salaam nayo imewahi kufungiwa kwa madai ya mchezaji wa kigeni. Hizi si klabu za uchochoroni, ni klabu zenye mamilioni ya mashabiki. Na mnajua kilichofuata: fedha iliyokuwa haipo ikapatikana. Kiongozi anaweza kumpiga danadana mchezaji kwa mwaka mzima, lakini hathubutu kuwaambia wanachama kwamba dirisha limefunguliwa na timu haiwezi kusajili hata kipa.

Lakini mlango wa FIFA unafunguka kwa migogoro yenye sura ya kimataifa tu, yaani mchezaji wa taifa moja dhidi ya klabu ya taifa jingine. Chukueni vyumba viwili vya hosteli ya timu moja ya Dar es Salaam. Chumba hiki analala kiungo kutoka Burundi, kile analala beki kutoka Tabora. Wote hawajalipwa miezi minne. Mrundi anaandika barua, anahesabu siku, anapeleka shauri FIFA, na miezi michache baadaye klabu inatetemeka. Kijana wa Tabora, katika nchi yake mwenyewe, hana mlango huo. Angekuwa anachezea Nairobi angeupata. Nyumbani kwao ndipo alipo dhaifu. Mweka hazina anayejua hesabu hizo atamlipa nani kwanza fedha inapokuwa haba? Nimeliona hili kwa macho yangu zaidi ya mara moja, na silisemi kwa chuki dhidi ya wageni. Mgeni anapata haki yake tu. Nataka mwenyeji apate ile ile.

Hatujaachwa bila sheria. Tanzania tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayomtaka mwajiri alipe ujira siku iliyokubaliwa na kumzuia kukata bila idhini ya sheria au ya mfanyakazi mwenyewe kwa maandishi. Tuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mchezaji anaweza kwenda kama mfanyakazi mwingine yeyote. Tuna kamati za shirikisho la soka. Wakenya wana mahakama yao ya ajira na kazi. Kasoro iko kwenye muda, wa kufungua dai na wa kusubiri uamuzi. Ukiachishwa kazi, dai la Tume linapaswa kufikishwa ndani ya siku 30, na madai mengine, ya mshahara yakiwemo, ndani ya siku 60. Mchezaji anayeambiwa Ijumaa, kisha Ijumaa nyingine, anamaliza siku 60 akiwa bado ana matumaini. Danadana hiyo inamtoa nje ya mstari wa sheria bila yeye kujua kwamba saa ilikuwa inahesabu.

Na hata akiwahi, shauri lina mwendo wake. Mendy alianza kukosa mshahara Septemba 2021 akapata uamuzi Novemba 2024. Miaka mitatu na zaidi, tena kwa mtu mwenye mawakili bora wa Uingereza. Mchezaji wa kawaida ana miaka kumi ya kazi kama magoti yatamruhusu. Mkimchukulia miaka mitatu mkishindana naye kwa makaratasi, mmemchukulia karibu theluthi moja ya maisha yake ya kazi, na hakuna hukumu inayoirudisha.

Kwa hiyo ninachokiomba kwa wanaotunga kanuni za ligi zetu ni kitu kidogo mno kukiandika. Kile ambacho FIFA inampa Mrundi, ligi impe kijana wa Tabora: barua, siku 15, kamati inayotoa uamuzi kwa tarehe inayojulikana, na dirisha la usajili kufungwa kama klabu hailipi. Leseni ya klabu isitolewe kabla nakala ya kila mkataba haijathibitishwa kuwa mkononi mwa mchezaji mwenyewe. Haya hayahitaji fedha ya mfadhili. Vyama vya wachezaji, SPUTANZA hapa na KEFWA kule Kenya, vikiyabeba kama ajenda ya kwanza, kabla ya semina na fulana, wachezaji watavifuata. Eastham hakushinda peke yake. Nyuma yake kilisimama chama kilichokuwa tayari kulipa gharama za mahakama.

Kuna wanaonijibu kwamba klabu zetu ni maskini, na kwamba ukizibana zitakufa. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka. Klabu isiyoweza kulipa wachezaji 28 isajili 20. Klabu isiyoweza kulipa milioni mbili iandike laki tano na iilipe. Wachezaji wengi niliokutana nao wangekubali mshahara mdogo unaofika kuliko mkubwa ulioandikwa tu. Mke haendi sokoni na mkataba. Mwenye nyumba hapokei ahadi ya Ijumaa.

Nilianza na daftari, na najua mtaniuliza habari ya kijana yule iliishaje. Alikuja siku ya 94. Tuliomba kuongezewa muda, tukaeleza zile Ijumaa moja baada ya nyingine, daftari likiwa mezani mbele ya msuluhishi, naye akalifungua na kulisoma kurasa zote kimya. Muda tukaupata. Mkataba klabu ikasema haiuoni. Tukakusanya jumbe za simu za malipo mawili yaliyowahi kutumwa, na orodha za wachezaji waliovaa siku za mechi. Kabla shauri halijafika mbali, klabu ikaleta pendekezo: nusu ya deni, fedha taslimu, leo. Nilimshauri akatae. Alinitazama akasema, "Wakili, timu ya Mwanza wananiita majaribio keshokutwa. Sina nauli." Akasaini. Sikuwa na la kumlaumu.

Mwaka uliofuata, usiku, simu yangu ikalia mara saba mfululizo. Alikuwa ananitumia picha za mkataba wake mpya, ukurasa kwa ukurasa, ameutandaza juu ya shuka ya kitanda. Katika picha ya mwisho, ile ya saini na mhuri, kidole gumba chake kilikuwa kimeingia pembeni, kimeibana karatasi isipeperuke na feni.